Kiwanja Kinapokopesheka Kuliko Kiwanda

Kiwanda kinachofanya kazi kinapouzwa Chang'ombe, Mbagala au Mikocheni, huuzwa vitu vinne kwa bei moja: kiwanja na majengo yake, mitambo, kampuni yenye jina, leseni na madeni, na mzunguko wa fedha, yaani malighafi zinazoingia, bidhaa zinazotoka na wateja wanaolipa, wengine kwa wakati na wengine kwa kusukumwa. Kila kimoja kina sheria yake na hatari yake. Benki inapoombwa kumsaidia mnunuzi huanza na cha kwanza, na mara nyingi huishia hapo hapo. Hati miliki ikiwa safi na kiwanja kikiwa na thamani ya kutosha, mkopo hutoka, hata kama hakuna aliyeketi kuhesabu iwapo kiwanda chenyewe kinaweza kuulipa. Mkopo unaotolewa kwa sababu isiyohusu kiwanda ni hatari kuliko ombi lililokataliwa, kwa kuwa aliyekataliwa amebaki na akiba yake.

Sababu ya kwanza ya tabia hiyo ni ramani ya jiji. Viwanda vingi vya Dar es Salaam vilijengwa mahali palipokuwa pembezoni wakati huo. Upande wa Temeke vilijipanga Chang'ombe, Keko na Kurasini, karibu na bandari na reli, na kandokando ya barabara ambayo wazee bado huiita ya Pugu ingawa sasa ni Barabara ya Nyerere. Upande wa Kinondoni vilikwenda Mikocheni na Mwenge, na mbali zaidi kaskazini Wazo Hill, ambako saruji ilianza kuzalishwa mwaka 1966. Ubungo, iliyokuwa ndani ya Kinondoni kabla ya kuwa manispaa inayojitegemea, kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968. Jiji limeyameza maeneo hayo yote. Leo kiwanja cha Kurasini hutafutwa na wenye yadi za makontena, na cha Mikocheni hutafutwa na wajenzi wa maghorofa. Matokeo yake ni kwamba ardhi inaweza kupanda bei kila mwaka huku kiwanda kilicho juu yake kikipata hasara kila mwaka, na mizania ya kampuni bado ikaonekana imenona.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Mabenki yalitaifishwa Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikabeba karibu biashara yote ya kibenki nchini. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikopesha mashirika ya umma kwa kufuata mipango na maelekezo kuliko hesabu za kiwanda kimoja kimoja. Madeni hayo yalipokuwa hayalipiki, iliundwa mwaka 1991 taasisi maalumu ya kuyakusanya, LART, iliyopewa nguvu za kufilisi na kuuza. Mwaka huohuo sheria mpya ikafungua mlango kwa benki binafsi. CRDB ilijengwa upya mwaka 1996 ikiwa mikononi mwa wanahisa, na NBC ikagawanywa mwaka 1997, NMB ikazaliwa hapo. Benki zilizotoka katika tanuri hilo zilijifunza kwamba kiwanda ndicho kilichoziua zile za zamani. Fundisho hilo lilikuwa nusu ya ukweli, kwa sababu kilichoziua ni kukopesha bila kupima, lakini limedumu katika kamati za mikopo hadi leo.

Ubinafsishaji ulipoanza, chini ya tume iliyojulikana kwa kifupi PSRC, wanunuzi wa viwanda vikubwa vya Dar es Salaam walikuja na fedha zao kutoka nje. South African Breweries iliingia Kampuni ya Bia mwaka 1993, RJ Reynolds ikaingia Kampuni ya Sigara mwaka 1995, na Scancem ikachukua saruji ya Wazo Hill mwaka 1998. Hao hawakuhitaji benki ya mtaani. Wanunuzi wa ndani walitegemea faida ya biashara zao za kuuza na kununua bidhaa, na wengi waliishiwa pumzi mara tu bei ilipolipwa: ya kununulia ilikuwepo, ya kuendeshea haikuwepo. Baadhi ya majengo yakageuka magodauni, jambo lililoifanya Serikali ya awamu ya tano ihakiki viwanda vilivyouzwa na kuvirejesha baadhi yake. Kiwanda cha dawa cha Keko, ambacho hisa zake nyingi ziliuzwa kwa mwekezaji binafsi mwaka 1997, kimerudi kuwa na Serikali kama mwenye hisa nyingi. Lawama nyingi za kipindi kile zilielekezwa kwa nia ya wanunuzi. Baadhi walistahili. Lakini mtu aliyenunua kiwanda kwa bei ya kiwanja, katika nchi ambayo benki haimkopeshi malighafi, ana njia moja tu nyepesi ya kupata mapato: kukodisha paa.

Hali imebadilika, na mabadiliko yanaonekana Mbagala kwenyewe. Amsons, kundi la kampuni la Kitanzania lenye kiwanda cha saruji ya Camel huko, lilinunua mwaka 2023 hisa asilimia 65 za Mbeya Cement zilizokuwa za Holcim. Mwaka uliofuata likatoa ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi, jumla ikiwa kama shilingi bilioni 23.6 za Kenya, na kufikia Desemba 2024 lilikuwa limepata zaidi ya asilimia 96 ya kampuni hiyo. Mnunuzi wa Kitanzania kuvuka mpaka na kununua kiwanda mashuhuri cha Mombasa ni habari ambayo miaka ya 1990 ingechekwa. Hata hivyo njia ya kundi kubwa si njia ya mtu anayetaka kununua kiwanda cha sabuni chenye wafanyakazi 40. Kundi kubwa lina washauri wa fedha, wanasheria wa nchi mbili na biashara nyingine za kulipia makosa. Mnunuzi mdogo ana nyumba Mbezi au Tabata, akiba, ndugu wawili watatu na afisa mikopo wa tawi. Sehemu iliyobaki inamhusu yeye zaidi.

Benki itamtaka alete hesabu zilizokaguliwa za kiwanda kwa miaka mitatu, taarifa za akaunti, uthibitisho wa kodi kutoka TRA na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Hapo ndipo mazungumzo mengi huvunjika, kwa sababu viwanda vingi vidogo vina vitabu viwili: cha TRA na cha bosi. Muuzaji hutaka bei inayolingana na kitabu cha bosi, lakini benki inaweza kukopesha kwa kufuata cha TRA peke yake. Muuzaji aliyeficha mauzo kwa miaka mitano hawezi kuyafufua siku ya kuuza, na mnunuzi anayekubali kuyalipia ananunua pia kodi ambayo haijalipwa, riba yake na adhabu yake. Msimamo wa busara kwa mnunuzi ni kulipia kile tu kinachoonekana kwenye stakabadhi za mashine ya EFD na kwenye akaunti ya benki. Akiambiwa kuna zaidi, zaidi hiyo iwekwe kwenye sehemu ya bei itakayolipwa baadaye, ikithibitika.

Baada ya bei huja swali la nini hasa kinanunuliwa: hisa za kampuni au mali zake. Hili wanasheria hulipenda, na kwa haki, maana ndilo linaloamua nani atalala macho. Anayenunua hisa huichukua kampuni nzima jinsi ilivyo. Leseni hubaki, mikataba na wateja hubaki, akaunti ya TANESCO hubaki. Lakini hubaki pia deni la kodi, michango ya NSSF isiyopelekwa, kesi iliyoko mahakamani na dhamana ambayo muuzaji aliwahi kumwekea shemeji yake. Anayenunua mali huchagua mitambo, kiwanja, jina la bidhaa na stoo, akaacha ganda la kampuni kwa mwenyewe. Gharama yake ni kuanza upya foleni ya vibali: mazingira NEMC, usalama mahali pa kazi OSHA, ubora TBS, leseni ya biashara, na uhamisho wa hati miliki ambao una kodi na ada zake.

Kodi nayo huvuta upande wake. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kwa ujumla kampuni huhesabiwa kana kwamba imeuza mali zake na kuzinunua tena, na faida inayotokana na hesabu hiyo hutozwa kodi. Mwenye kutakiwa kulipa ni kampuni, ambayo kwa wakati huo ni ya mnunuzi. Ikiwa kiwanja kilichopatikana kwa bei ya miaka ya 1980 kiko Mikocheni, kodi hiyo si ndogo. Mnunuzi asiye raia, au kampuni yenye wanahisa wengi wasio raia, ana kikwazo cha nyongeza: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu kumiliki ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa.

Hesabu ya mfano hufafanua mambo ambayo maneno huyaficha. Chukulia kiwanda cha Chang'ombe kinachouzwa shilingi bilioni 2. Kinauza bidhaa za bilioni 3 kwa mwaka na kubakiza milioni 480 kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Mnunuzi ana milioni 800, benki inatoa bilioni 1.2 kwa miaka mitano kwa riba ya asilimia 16, kiwango kisicho mbali na wastani wa riba za mikopo nchini katika miaka ya karibuni. Marejesho yatakuwa kama milioni 29 kwa mwezi, au milioni 350 kwa mwaka. Kwenye karatasi kiwanda kinamudu: kila shilingi ya marejesho ina shilingi 1.37 ya kuilipa, na benki nyingi huridhika ikizidi 1.25. Sasa toa kodi. Baada ya riba na uchakavu, tuseme faida inayotozwa kodi ni milioni 200. Asilimia 30 yake ni milioni 60. Kilichobaki kwa mwaka mzima ni milioni 70, na mnunuzi hajajilipa mshahara wala hajanunua bearing moja ya mtambo.

Kwa kipimo hicho mwezi mmoja mbaya unatosha kuchelewesha marejesho, na miezi mibaya haikosekani. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo huchukua mzigo kwa mkopo, na siku 60 ni jambo la kawaida. Kiwanda kinachouza milioni 250 kwa mwezi kikisubiri malipo miezi miwili, milioni 500 ziko mikononi mwa watu wengine wakati wowote ule. Mwenye kiwanda wa zamani alizijenga fedha hizo polepole kwa miaka 20, tena mara nyingi hufanya makubaliano kwamba madeni ya wateja yatabaki yake. Mnunuzi huanza kazi siku ya kwanza bila hata senti ya wateja kuingia kwa miezi miwili, huku malighafi, umeme na mishahara vikidai fedha taslimu. Malighafi ikiwa ya kuagiza, inalipwa kwa dola, na uhaba wa dola wa mwaka 2023 uliwaonyesha wenye viwanda kwamba kuwa na shilingi hakutoshi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa benki lisiwe mkopo wa kununulia utakuwa kiasi gani, bali ni nini kitakuwepo baada ya kununua. Katika mfano huu milioni 500 za mzunguko ni robo ya bei yenyewe, na hazionekani popote kwenye ripoti ya mthamini. Benki makini huweka mambo mawili pamoja: mkopo wa muda kwa ajili ya kununua, na ovadrafti au mkopo wa kulipia ankara kwa ajili ya mzunguko. Benki isiyo makini hutoa wa kwanza na kumwambia mteja arudi baada ya miezi sita aombe wa pili. Baada ya miezi sita huwa ameshachelewesha marejesho, taarifa zimefika kwenye kampuni za kumbukumbu za wakopaji, na mlango umefungwa.

Njia nyingine ya kupunguza mzigo ni muuzaji mwenyewe kuacha sehemu ya bei. Jambo hili halijazoeleka sana Dar es Salaam, ambako muuzaji hutaka chote na siku hiyo hiyo, lakini lina faida kuliko linavyodhaniwa. Akiacha, tuseme, milioni 400 zilipwe ndani ya miaka miwili, mnunuzi anapata nafasi ya kuendesha, na benki inapata ishara ambayo hakuna mthamini anayeweza kuiandika: kwamba anayekijua kiwanda kuliko wote anaamini kitalipa. Muuzaji anayekataa kata kata kuacha hata shilingi moja ametoa maoni yake kuhusu biashara hiyo, na yafaa yasikilizwe. Benki itataka deni la muuzaji lisubiri hadi la kwake lilipwe, na hilo liandikwe. Sehemu hiyo ya bei pia ndiyo mahali pa kukatia madeni yatakayojitokeza, maana kumfuata mahakamani muuzaji aliyekwisha kulipwa chote ni safari ya miaka.

Dhamana nazo zina utaratibu wake. Mara nyingi muuzaji tayari ana mkopo na hati yake iko kwenye benki nyingine. Njia salama ni benki ya mnunuzi kulipa deni hilo moja kwa moja, ikapokea hati na barua ya kuachilia rehani, ndipo salio liende kwa muuzaji. Fedha zikipita mikononi mwake kwanza, hati inaweza kuchelewa hadi masharti yabadilike. Dhamana juu ya mitambo, stoo na madeni ya kampuni husajiliwa BRELA ndani ya siku 42, na ikipitwa na muda huo benki hubaki na karatasi dhaifu. Nyumba ya familia ikiwekwa rehani, ridhaa ya mwenzi wa ndoa inahitajika kisheria. Wake kadhaa wamewahi kusimama mahakamani kusema hawakuulizwa, na benki zimejifunza kuuliza.

Asiyetaka mkopo wa riba ana njia ya murabaha, ambapo benki hununua mali na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa mapema. Amana, benki ya kwanza nchini kufuata sharia kikamilifu, imekuwepo tangu 2011, na benki nyingine kubwa zimefungua madirisha ya aina hiyo. Njia hii inakaa vizuri zaidi kwa mitambo na malighafi kuliko kwa hisa. Kwa anayepungukiwa dhamana, Benki Kuu ina mfuko wa dhamana kwa mikopo ya wafanyabiashara wadogo na wa kati, unaopitia benki za kawaida. Afisa wa tawi asiyeutaja aulizwe.

Kuna pia kibali cha ushindani. Muungano au ununuzi wa kampuni ambao mali au mauzo ya pande zote yanafikia shilingi bilioni 3.5, kizingiti kilichowekwa mwaka 2017, lazima uarifiwe kwa Tume ya Ushindani kabla ya kukamilika. Kiwanda cha bilioni 2 kinaweza kuingia humo ikiwa mnunuzi ana biashara nyingine. Ucheleweshaji una gharama. Ununuzi wa Tanga Cement uliofanywa na Scancem, mmiliki mkuu wa saruji ya Wazo Hill, ulitangazwa Oktoba 2021, ukabatilishwa na Baraza la Ushindani Septemba 2022, na haukukamilika hadi mwaka 2023. Makampuni ya ukubwa huo huvumilia. Barua ya benki ya kukubali kumkopesha mnunuzi wa Chang'ombe kwa kawaida huwa na ukomo wa miezi michache, kwa hiyo vibali vianze kutafutwa kabla haijatoka.

Wafanyakazi hutajwa mwisho katika mikataba mingi, na hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la utu. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi anayeachishwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi. Fedha hizo zinahesabika. Zisizohesabika ni za fundi mitambo anayejua kwamba mtambo namba tatu hauwaki bila kupashwa moto saa nzima, na za mama wa mauzo ambaye wateja wa Tandika na Manzese humpigia simu yeye, si ofisi. Wawili hao wakiondoka na muuzaji kwenda kuanzisha kiwanda kingine Mkuranga, mnunuzi amebaki na vyuma. Mkataba unapaswa kumzuia muuzaji kushindana kwa miaka kadhaa, kumtaka akae kiwandani miezi mitatu hadi sita akikabidhi, na kumpa mnunuzi nafasi ya kuzungumza na watu hao kabla ya kusaini.

Mambo yakiharibika, Sheria ya Ardhi haimlazimishi mkopeshaji kukimbilia mnada. Baada ya notisi, benki inaweza kukodisha mali, kuishika yenyewe, kuiuza, au kuteua msimamizi wa kukusanya mapato yake. Njia hiyo ya mwisho hutumika kwa nadra kwa viwanda vidogo, kwa kuwa benki nyingi hazina mtu wa kumtuma anayejua kuendesha kiwanda. Mnadani mitambo hupimwa kwa kilo na kuchukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, huku kiwanja kikigombewa. Benki inayomteua msimamizi mapema, wafanyakazi wakiwa bado wapo na wateja hawajahama, huweza kumpata mnunuzi wa kiwanda kizima. Ikisubiri hadi umeme ukatwe, wanaojitokeza kwenye mnada ni wa yadi za makontena.